Mapaa ya Ilala yasizibwe kwa mabango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie sura ya mitaa yetu inavyoonekana kutoka kwenye dirisha la treni ya umeme, hasa zile dakika chache za mwanzo inapotoka stesheni ya Dar es Salaam, kabla haijaanza kukimbia kuelekea Pugu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na nimeishi Ilala, katika nyumba ile ile, tangu mwaka 1981. Nilidhani hakuna kitu cha mtaa wangu nisichokijua, mpaka siku nilipopanda treni hiyo kwa mara ya kwanza kwenda Morogoro kwenye msiba wa shemeji yangu.

Kilichonifanya niandike ni maneno ya abiria aliyeketi mbele yangu, mtu mzima, nadhifu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongoza vikao. Treni ilipokuwa inapita juu ya mapaa ya Ilala alitikisa kichwa, akasema, "Hapa wangesimamisha mabango makubwa pande zote mbili. Mgeni anaingia jijini, jambo la kwanza analoonyeshwa ni bati lenye kutu na matairi mabovu?" Wawili watatu waliokuwa karibu waliitikia. Mimi nilinyamaza, kwanza kwa sababu nilikuwa na msiba, na pili kwa sababu paa lililokuwa linapita dirishani wakati huo lilikuwa la kwangu.

Kwa msomaji ambaye hajapita njia hiyo, reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria wa Morogoro mwezi Juni 2024 na wa Dodoma mwezi uliofuata, haitoki mjini kwa kutambaa ardhini kama ile ya zamani. Inapita juu ya daraja refu la nguzo, zaidi ya kilomita mbili, ili magari na waenda kwa miguu waendelee na shughuli zao chini yake. Treni inakwenda taratibu katika sehemu hiyo, dirisha ni pana na safi, na abiria anajikuta amewekwa katika kimo ambacho jiji letu halikuwahi kumpa mtu wa kawaida. Anayetua kwa ndege katika uwanja wa Julius Nyerere huyaona mapaa ya Kipawa na Vingunguti, lakini kwake yeye ni vipande vya bati vilivyomwagwa ardhini, havina wenyewe. Anayetembea mtaani haoni paa kabisa. Anaona ukuta, mlango, baraza na pindo la bati lililotokeza. Treni iko katikati ya hao wawili. Iko juu kiasi cha kuvuka kuta zetu, na iko chini kiasi kwamba kandambili iliyorushwa juu ya bati unaweza kusema ni ya mguu wa kushoto.

Wenzangu wa umri wangu watakumbuka kwamba mitaa hii hii tulishawahi kuiona kutoka kwenye treni, ila kwa chini. Reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Morogoro mwaka 1907, inapita nyuma ya nyumba, na tulipoanza kusafiri ndani ya jiji kwa ile treni ya Oktoba 2012, ambayo wananchi waliibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tulikuwa tukitazama kuta za vyoo, mifereji ya majitaka, na wauza nyanya wakivuta matenga yao pembeni ya reli kila honi ilipolia. Mtu akishuka Buguruni kwa Mnyamani alikuwa amejua nani amejenga ukuta wa matofali na nani bado ana wa mabati. Juu ya kuta hizo kulikuwa na nini, hakuna aliyejua wala kuuliza. Ni njia ile ile, karibu sambamba, na tofauti yake ni mita chache tu za kwenda juu.

Sasa nieleze nilichokiona juu ya nyumba yangu mwenyewe. Kwa misimu miwili mfululizo ya masika chumba cha tatu upande wa kulia kilikuwa kinavuja. Niliita fundi, akapanda ngazi kwa upande wa barabarani, akapaka lami kwenye kila kichwa cha msumari, akalipwa. Masika yakaja, kikavuja. Nikaita fundi mwingine, naye akamlaumu wa kwanza, akapaka lami juu ya lami, akalipwa. Kitanda cha mjukuu wangu tulikisogeza mara nne kwa kufuata matone. Siku ile dirishani, katika muda ambao hauzidi pumzi tatu, niliona kwamba pale paa la nyumba kubwa linapokutana na paa la banda la uani, majani ya mwembe wa jirani yalikuwa yamejaa mpaka juu, yameoza na kuwa mboji, na juu ya mboji hiyo ulikuwa umeota mche wa mpapai wenye majani manne au matano, umesimama wima, unapunga upepo. Kando yake kulikuwa na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, dishi la televisheni ambalo tuliacha kulitumia miaka mingi iliyopita, na matairi mawili ambayo niliyapandisha mimi mwenyewe mwaka ambao upepo ulitaka kuling'oa bati. Nilikuwa namiliki shamba juu ya paa na sikujua.

Sisemi mafundi wale walikuwa wezi. Walitafuta kosa mahali ambapo ngazi iliwafikisha, na ngazi yetu ni fupi.

Nimelitaja hilo la nyumba yangu kwa sababu yule abiria mwenzangu aliyaona matairi yale yale akaona aibu, na mimi niliyaona nikapata jibu la swali lililonigharimu fedha kwa miaka miwili. Yeye anataka lifichwe jambo ambalo tumepata bahati ya kuonyeshwa.

Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikidai kwamba kutazamwa kutoka juu hakuna madhara, na hapa nataka kukaa kidogo. Nyumba zetu za Kiswahili, zile za vyumba vitatu huku na vitatu huku na ukumbi katikati, zilijengwa kwa hesabu ya macho. Baraza ni la wapita njia. Ukumbini anaingia mgeni aliyepiga hodi na kujibiwa. Uani ni kwa wenye nyumba: ndiko kwenye jiko, choo, karo na kamba ya nguo, ndiko mama anakokaa na kanga moja akichambua mchele, na mwanamume wa nje hafiki huko hata akiwa rafiki wa miaka ishirini. Mpangilio huo ulimzuia kila mtu aliyekuja kwa kutembea. Haukumfikiria mtu atakayekuja kwa juu, kwa sababu zamani mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, mkwezi wa nazi, naye alikuwa na adabu yake. Kwetu Bagamoyo, nilipokuwa mtoto, mkwezi hakupanda kimya kimya. Alisimama kwenye shina la mnazi akapaza sauti kutaja kwamba anapanda, akasubiri kidogo, wanawake wa nyumba za jirani wakajitanda au wakaingia ndani, ndipo akapanda. Aliyepanda bila kusema alizungumzwa mtaa mzima.

Treni ya umeme haipigi hodi. Tena ile ya zamani ya dizeli ilikuwa ikinguruma tangu mbali, mtu akapata muda wa kuvuta kanga. Hii ya sasa inapita kwa mvumo mwembamba, ukigeuka imeshafika. Mama watoto aliniambia kwamba wiki za mwanzo alikuwa akipika huku amejifunika kama anayekwenda msikitini. Lakini ukweli mwingine ni kwamba uani ulianza kuvuliwa sitara zamani, kabla reli hii haijawazwa. Nenda Kariakoo uone. Nyumba za chini zilizobaki pale zimezungukwa na maghorofa pande zote, na kila dirisha la ghorofa linatazama sufuria ya mtu. Wenyewe walishapata dawa, nayo ni turubai au mabati machache yaliyoinuliwa juu ya sehemu ya uani, upande wa jiko na kuogea, pengine penye jua pakiachwa wazi. Sisi tumefanya hivyo hivyo kwa makuti. Ni gharama ya mwenye nyumba, ndiyo, na ingependeza wanaojenga vitu virefu wawe wanafikiria jambo hilo mapema, lakini bango la futi arobaini si stara. Bango likisimama mbele ya dirisha la treni, limesimama pia mbele ya upepo na mwanga wa nyumba iliyo nyuma yake, na kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Februari sijui ni mkazi gani atakubali kuzibiwa upepo ili msafiri atazame picha ya soda.

Niliporudi kutoka Morogoro siku ya nne niliomba kiti cha dirishani kwa makusudi, nikatazama mapaa kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi kutazama ramani, yaani kwa kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo naamini ni kubwa kuliko kutu. Juu ya nyumba nyingi, au pembeni yake juu ya mnara wa vyuma, kuna tanki la maji, jeusi au la bluu. Matanki hayo ni mengi mno, ukiyatazama kutoka juu unaweza kufikiri jiji zima linakinga mvua. Lakini pindo za mapaa ziko tupu. Nyumba zenye mifereji ya kukingia maji, ambayo mafundi wetu huiita magata, zilikuwa chache kiasi kwamba vidole vya mikono vilinitosha kuzihesabu mpaka treni iliposimama. Matanki yale yanasubiri bomba au boza. Mvua inaanguka juu ya bati lililo mita moja kutoka kwenye mfuniko wa tanki, inateremka, inachimba mtaro chini ya ukuta, inakwenda zake.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yangu, nikiipima kwa chini pamoja na pindo za bati, maana mvua haijali mwinuko wa paa, ina upana wa mita 9 na urefu wa mita 14, ambazo ni mita za mraba 126. Mvua moja nzito ya masika ya milimita 50 inanimwagia lita 6,300, sawa na ndoo 315 zile za lita ishirini. Hata ukiondoa yanayoruka na yale ya mwanzo yenye vumbi ambayo hayafai kuingizwa tankini, yanabaki ya kufulia, kuoshea vyombo na kumwagia choo kwa siku nyingi. Dar es Salaam inapata takriban milimita elfu moja za mvua kwa mwaka wa kawaida, nyingi zikiwa kati ya Machi na Mei. Msomaji anaweza kumalizia hesabu kwa paa lake mwenyewe.

Kinachochekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba treni hiyo hiyo ikishapita Pugu inakwenda kuuvuka Mto Ruvu, mto ambao maji yake ndiyo tunayoyafungulia bombani jijini. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto huo ulipopungua, tulitangaziwa mgawo, na nakumbuka tulivyokuwa tukiamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba linakohoa. Na Pugu yenyewe, pale treni inapoanza kuongeza mwendo, ndipo vilima vilipo ambavyo maji yake yanaulisha Mto Msimbazi, unaopita Vingunguti na Kigogo ukaishia Jangwani na baharini karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua makumi ya watu, na wengi waliopoteza makazi bondeni walihamishiwa Mabwepande. Leo serikali inatekeleza mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo, na wakazi wengi wamelipwa fidia wakahama. Sidai kwamba magata ya Ilala yangeuzuia Msimbazi usifurike. Mto una sababu zake nyingi, zikiwemo taka na nyumba tulizozijenga njiani mwake. Ninachosema ni kwamba bati halinyonyi maji, sakafu ya saruji hainyonyi, na kila paa lisilokinga linausukumia mtaro mzigo wake wote kwa wakati mmoja. Jambo hilo nililifundisha kwa chaki kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeliona kwa macho nikiwa na umri wa miaka sabini, kwa nauli ya shilingi 13,000.

Nisiwasahau wenye nyumba mpya, wasije wakadhani barua hii inawahusu watu wa mabati chakavu peke yao. Siku hizi kumeingia mtindo wa nyumba za kuficha bati, ambazo ukuta wake unapandishwa juu kuzunguka paa mpaka mtazamaji wa barabarani anadhani nyumba imefunikwa kwa zege. Ni nyumba za kupendeza, sikatai. Ukizitazama kutoka kwenye treni, baada ya kuiacha Ilala, siri inakuwa nje: bati liko pale pale, limelala chini ya ukuta, na kwenye pembe zake kuna majani, chupa za plastiki na dimbwi lililotuama ambalo mbu wamelipata kabla ya fundi. Yule bwana wa mabango hakuzisemea hizo, nadhani kwa sababu mtu humsamehe haraka aliyejificha kwa gharama kubwa.

Ipo kazi nzuri iliyowahi kufanyika jijini humu ya kuyatazama makazi yetu kutoka juu. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo yanayofurika, na ndege ndogo zisizo na rubani zilirushwa kupiga picha. Nazithamini ramani hizo, na kama ningekuwa bado darasani ningezitundika ukutani. Lakini katika ramani paa langu ni mstatili mmoja miongoni mwa maelfu, na mpapai haumo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika ni dogo. Kwanza, pasiwekwe mabango wala kuta za kuzuia macho katika sehemu ile ya daraja, na kama kuna anayefikiria biashara hiyo, akawaulize kwanza wanaoishi nyuma yake. Pili, maofisa wa mipango miji na wale wanaotoa vibali vya ujenzi wapande treni hiyo wiki ya kwanza ya masika, mvua ikiwa inanyesha, wakae dirishani na daftari, wasilale. Watayaona maji yakitoka kwenye kila pindo la bati, watajua ni mtaa gani mtaro wake umezidiwa, na pengine watarudi ofisini wakiona umuhimu wa kudai mfereji wa kukingia maji katika mchoro wa nyumba kama wanavyodai choo. Tatu ni kwa wasafiri wenzangu wa Ilala, Buguruni na Vingunguti: simu zina kamera, na paa lako linapita mara moja tu, basi jiandae kabla. Jirani yangu wa nyumba ya nne alifanya hivyo baada ya kusikia habari zangu, akagundua kwamba mfuniko wa tanki lake umepeperushwa siku nyingi na kunguru wanakunywa humo. Hakunishukuru. Alikaa kimya siku nzima.

Kwangu mimi majani yameshaondolewa, na fundi wa tatu, ambaye nilimpandisha kwa upande wa uani nikiwa nimeshika ngazi mwenyewe, amefunga gata upande mmoja wa nyumba, ule mwingine ukisubiri pensheni ya mwezi ujao. Mpapai niling'oa pamoja na mboji yake nikauhamishia chini, kando ya karo. Matairi nimeyaacha palepale, kwa sababu upepo wa kusi unakuja na bati bado ni jepesi.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam.